Programu ya kusimamia matengenezo: ipi ununue, ipi usubiri kwanza

Muuzaji wa programu ya matengenezo akija na projekta, ataonyesha grafu za rangi na ripoti zinazojitokeza zenyewe. Grafu zote hizo zinasimama juu ya jambo moja ambalo maonyesho hayaligusi: je, fundi aliyetoka kubadilisha beringi, mikono imejaa grisi, atafungua programu hiyo aandike alichofanya? Asipoandika, hakuna historia ya mashine, na bila historia hakuna cha kuchorea grafu. Kwa hiyo nimezipanga aina nne kwa kigezo hicho kwanza. Bei na mengineyo yamefuata.

Kwa ndani zote zinafanana: orodha ya mashine na mali, kadi za kazi, ratiba ya matengenezo ya kinga, stoo ya vipuri, na kumbukumbu ya kila kilichofanyika.

1. Programu za wingu zinazotumika kwenye simu

Hizi hukaa kwenye seva za muuzaji na hufunguliwa kwa intaneti. Ndizo ningezipendekeza kwa taasisi nyingi: hospitali, shule kubwa, hoteli, kiwanda cha wastani. Majina yanayojulikana ni UpKeep, Limble, MaintainX na Fiix. Unabandika msimbo wa QR kwenye mashine, fundi anauskani kwa simu, historia ya mashine inafunguka hapo hapo, anapiga picha ya kilichovunjika na kuifunga kazi kabla hajaondoka. Huhitaji seva wala idara ya TEHAMA.

Malipo kwa kawaida ni kwa mtumiaji, kwa mwezi. Uliza mapema nani anahesabiwa kuwa mtumiaji. Kampuni nyingi hazitozi kwa mtu anayeripoti tatizo tu, na tofauti hiyo ni kubwa ikiwa wafanyakazi wengi watakuwa wanaripoti taa zilizoungua na mabomba yanayovuja.

Usinunue bila kipindi cha majaribio, na majaribio yenyewe usiyafanyie ofisini. Mchukue fundi asiyependa kompyuta, mpeleke kwenye mashine iliyo mahali penye mtandao hafifu kuliko pote, mwambie afungue kazi, apige picha, aandike kipuri alichotumia, kisha aifunge. Katikati ya zoezi, zima data ya simu. Programu nzuri huhifadhi alichoandika na kukituma mtandao ukirudi. Mbaya humrudisha mwanzo, na fundi aliyerudishwa mwanzo mara mbili hatajaribu tena. Ataandika kwenye karatasi, na karatasi itabaki mfukoni.

2. Moduli ya mfumo mlio nao tayari

Kama uhasibu na manunuzi yenu yako kwenye mfumo wa kuendeshea biashara kama Odoo au ERPNext, angalieni kwanza sehemu yake ya matengenezo kabla ya kuongeza mfumo mwingine. Faida kubwa iko stoo: kipuri kikitumika, hesabu inapungua na ombi la kununua linaanzia hapo hapo. Mifumo hii ina matoleo ya chanzo huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote, kwa hiyo leseni inaweza isikugharimu kitu. Lakini seva, nakala rudufu na mtu wa kuutunza mfumo vinagharimu, na mtu huyo akiondoka bila mrithi, mfumo hudorora. Nimeiweka ya pili kwa sababu skrini zake zinamfaa zaidi mtu wa mezani kuliko fundi aliyesimama kando ya pampu.

3. Lahajedwali

Kwa mashine chache na fundi mmoja, Excel inatosha, na sioni aibu kusema hivyo. Hukwama wanapoanza kuandika watu wawili, kwa sababu haikumbushi mtu kwamba servisi imefika na ni rahisi taarifa ya jana kufutwa na ya leo. Hata hivyo anzeni nayo: orodha safi ya mashine mtakayoitengeneza humo ndiyo mtakayoiingiza kwenye programu yoyote baadaye.

4. Mifumo mikubwa

IBM Maximo, SAP na HxGN EAM nimeziweka mwisho kwa sababu tu wasomaji wengi hawazihitaji. Kwa shirika la umeme, reli, mafuta au uwanja wa ndege, lenye vituo vingi, vibali vya usalama vya kazi na ukaguzi wa kisheria, zingekuwa za kwanza. Kuzisimika ni mradi wa miezi wenye washauri wa kulipwa. Taasisi ndogo ikizinunua, hulipia vitu vingi isivyovigusa.

Baada ya kununua

Hapa ndipo programu nyingi hufa. Chukua beringi ya 6205 (namba ya aina na ukubwa wake). Mmoja ameiandika stoo kama «6205», mwingine «6205-2RS», wa tatu «beringi ya pampu». Programu inaona vitu vitatu, na inaagiza kingine wakati zimejaa rafuni. Tena 2RS maana yake ina mpira wa kuzuia uchafu pande zote mbili, kwa hiyo si kila 6205 inafaa mahali pake. Mtu mmoja apewe mamlaka ya kusajili majina, na wengine wote wachague kutoka orodha.

Vivyo hivyo kwa maelezo ya kazi. «Imetengenezwa» haimsaidii yeyote. Fundi achague mambo matatu: nini kimeharibika, kwa sababu gani, na amefanya nini. Yakizidi hapo, ataanza kujaza chochote ili amalize.

Kwenye ratiba, msijaze kalenda kwa pupa. Jenereta ya akiba na jenereta inayounguruma kutwa haziwezi kuwa na ratiba moja. Hesabuni saa za kazi kwa vinavyochakaa kwa kutumika. Uchunguzi wa Nowlan na Heap wa shirika la ndege la United, uliochapishwa mwaka 1978, ulionyesha kwamba asilimia 89 ya vipengele vya ndege walivyovichunguza havikunufaika kwa kuwekewa ukomo wa umri, yaani kubadilishwa au kufumuliwa vikifikisha muda fulani wa kutumika. Kwa vitu vya namna hiyo, fikirieni kukagua hali yake badala ya kuhesabu umri. Anzeni na mashine ambazo zikisimama, kazi inasimama. Nyingine zifuate, mafundi wakishazoea.

Kuhusu mkataba, sharti moja lisiachwe: data ni yenu, na mnaweza kuitoa yote mkiamua kuhama. Lipimeni wakati wa majaribio, kabla ya kusaini. Ombeni faili, lifungueni, mwangalie kama kazi zilizofungwa zimetoka na tarehe, vipuri na picha zake, au ni majina ya mashine peke yake.