SRD 5.1 kwa jangwa la majini: majini wako, kiu njo haiko

Nianze na bei, ju huku Goma njo kitu watu wanaulizaka mbele ya yote: ni bure. SRD 5.1 ni kitabu cha sheria za mchezo wa kutunga hadithi pamoja ku meza, kila mtu na shujaa wake na dado inaamua, chenye Wizards of the Coast, wenye mchezo wa Dungeons & Dragons, waliweka chini ya leseni ya Creative Commons mu Januari 2023, kisha wachezaji wa dunia nzima kupiga kelele ju ya ile mpango yao ya kubadilisha leseni ya zamani. Sasa unakishusha ku intaneti, unakikopi, unagawia wenzako, ukitaka unatafsiri ku Kiswahili na ata kuuza ile utatunga, wanaomba tu utaje kimetoka wapi. Cha Kiingereza iko na kurasa 403. Cha Kifaransa kiko pia, na kwa siye wenye tulisomea mu Kifaransa ile inasaidia sana, ju kusoma sheria za kupigana mu Kiingereza usiku, kuran ya umeme imekatika, ni azabu.

Lakini mi sikukitafuta ju ya sheria za kupigana. Tunachezaka Jumamosi pale Himbi, kartiye ya huku Goma, na nilikuwa natafuta kitu cha kunisaidia kujenga jangwa. Jangwa la majini (pepo, si maji), si la watalii na ngamia wa foto, inchi yenye mtu anaingia na anaanza kujiuliza kama bado ni dunia ya wazima. Kwa hiyo kitabu nakipima kwa ile kazi moja tu, mwenye anataka kujua kama ni kizuri kwa mapango na hazina atauliza wengine.

Ku upande wa majini na manyama, kwa kweli, walitoa bila choyo. Kuko jini wa upepo na kuko ifriti wa moto, wote wawili kiwango chao cha hatari ni 11, maana yake wachezaji wa nivo ya chini wakiona mmoja wakimbie ao waongee naye vizuri sana. Kuko simba-mtu wa mafumbo wa kiume na wa kike, kuko lamia, maiti za kufungwa vitambaa na mfalme wao, nge wakubwa, dragoni wa bluu mwenye anachimba mu mchanga na kutema radi, na ile funza ya zambarau inameza mtu mzima na asidi inaanza kumuchoma mule mu tumbo. Mambweha, fisi, tai wa mizoga, ata ngamia iko. Jini wa upepo yeye iko na kitu kimoja chenye kilituchekesha: mara tatu kwa siku anaweza kutokeza chakula na maji, na akipenda, pa nafasi ya maji anatokeza divai.

Kitu hawakutoa ni habari zao. Fishi ya jini, ile karatasi ya sifa zake, inakuambia anapiga namna gani, anaruka mbiyo gani, anaogopa nini, basi. Anaishi wapi, anachukia nani, ukimukuta njiani unamusalimia je, hakuna. Wengine wanalalamikaka ju ya ile, mi naona ni sawa kabisa, ju habari za majini nani huku atakosa? Ku hadithi za zamani za volkano zetu, roho zenye zilipokelewa na Ryangombe, mkubwa wa roho zote, zinaenda kupumzika ku baridi ya Karisimbi, na zingine zinatupwa mu moto ya Nyiragongo. Nilichukua ile nikaweka milima mbili, moja ya moto moja ya baridi, na jangwa langu njo njia katikati, yenye wafu wanapitaka na wazima hawana kazi pale. Mchanga wa manjano nikatupa. Nikaweka majivu na mawe meusi yenye kukata viatu, na mtu wa Goma mwenye aliona lava ya 2002 ao ya 2021 hautamufasiria mara mbili.

Sasa tufike ku shida, na ni shida kubwa: hii jangwa mu kitabu haina kiu.

Ku karatasi kiu iko. Sheria inasema mtu anahitaji galoni moja ya maji kwa siku, na kukiwa joto galoni mbili, ile ni litri saba na nusu hivi. Akikunywa nusu tu anarusha dado, akikosa kufika 15 anapata nivo moja ya uchovu, na uchovu iko na nivo sita, ya sita ni kufa. Tena ukilala usiku ile uchovu inapunguka nivo moja tu, na ni kama umekula na kukunywa. Vizuri sana! Kiriba kimoja kinabeba nusu galoni na kikijaa kinafika kilo mbili na kidogo. Kwa hiyo mu joto mtu mmoja anamaliza viriba vinne kwa siku, wiki moja ni viriba 28, kilo 63 hivi, na mtu mwenye nguvu ya kawaida, ya 10, mwisho wake ni kubeba kilo 68. Yaani wiki ya maji tu inamumaliza mgongo, chakula hajaweka, panga hajaweka, kamba hajaweka. Nilivyofanya ile hesabu mbele ya wachezaji wote walinyamaza, ju watoto wa huku wanajua bidoni ya litri 20 inalemea namna gani kutoka ku ziwa pale Kituku mpaka nyumbani. Mmoja akauliza kama mu ile inchi kuko chukudu, ile trotineti ya mbao ya kubebea mizigo. Kuko ngamia, bei vipande 50 vya dhahabu, anabeba kilo 217, watu watano wanakunywa kwa siku tano kasoro. Hapo ukasikia safari inaanza kuwa safari, watu wanabishana nani abaki, nini iachwe, tupite wapi.

Halafu mwenye anacheza padiri mu kundi akafungua kurasa za uchawi.

Nivo ya 1, ya kwanza kabisa, mtu hata jina hajapata bado: kutokeza galoni kumi za maji safi mu chombo. Litri 38, bidoni mbili karibu. Padiri mpya iko na nafasi mbili za ule uchawi kwa siku, kwa hiyo yeye peke yake ananywesha watu kumi mu joto kali, bure, kila siku, mpaka Kristo arudi. Ukifika nivo ya 5 unapata uchawi mwingine wa kuleta galoni 30 pamoja na chakula cha watu 15. Na kenye kinachekesha kuliko vyote, druidi, mchawi wa pori, mwenye alichagua jangwa kuwa inchi yake, ile ile nivo ya 5 kitabu kinamupatia kwa zawadi uchawi huo huo! Yaani bwana wa jangwa kazi yake ya kwanza ni kuimaliza jangwa. Ranja naye, muwindaji wa pori, kama jangwa ni pori yake, kundi lake haliwezi kupotea isipokuwa kwa uchawi. Kiu imeenda, kupotea kumeenda, imebaki nini? Imebaki jua, na hii 5.1 haikuandika sheria yoyote ya joto kali.

Kuko wenye watakuambia ukataze tu huo uchawi. Mi sipendi, ju mchezaji alichagua padiri wake kwa roho safi na kumunyanganya kitu kiko mu kitabu ni kutafuta kesi. Nilifanya hivi. Mu jangwa langu maji ya uchawi haitokake ku hewa, inatoka mu kisima cha mtu. Kila galoni kumi padiri anatokeza, kuko kisima fulani cha jini mahali fulani kimepunguka galoni kumi, na mwenye kisima iko na kaye, anaandika. Mstari mmoja, miwili, mitatu. Ku mstari wa tano anakuja ifriti kudai. Haji kupigana, anakuja na kaye yake, anakaa, anasoma tarehe kwa tarehe mbele ya watu wote nani alikunywa na nani alinawa miguu na maji ya mtu. Deni inalipwa kwa maji, ao kwa kazi, ao kwa miaka ya mtu. Uchawi haukukatazwa, kitabu hakikuguswa, lakini kutoka ile siku padiri wetu kila jioni anauliza "weye unakunywa kweli ao unaonja tu?" na watu wameanza kurudilia viriba. Ile jini wa divai, ah, ile sasa wanaiogopa kuliko funza.

Ku mambo ya pumzi kitabu kilinifurahisha, na nilikitumia kwa mazuku. Mwenye haiko wa huku: mazuku ni gazi kaboniki yenye inatoka chini ya udongo wa volkano, inazidi hewa uzito, kwa hiyo inalalaka mu mabonde na mu vishimo, zaidi usiku na asubuhi upepo haujaamuka, na mbuzi ao mtu akishuka mule anaanguka bila kidonda. Sheria ya SRD ni fupi: mtu anazuia pumzi dakika moja pamoja na nyongeza ya afya yake, kisha anabaki na raundi chache tu, anaanguka. Niliweka bonde moja, kimya, tai wamelala chini mabawa wazi, mienge inazimika ukiinama. Na ju gazi inakaa chini, wafupi njo wanaanguka wa kwanza. Halfling wetu, mwenye anapendaka kutangulia ju ni mwizi, alitembea kama hatua tatu. Nusu-orki alimubeba ku mabega mpaka ngambo, na hakuna jini ata mmoja alitokea siku ile, lakini mpaka leo njo pahali wanaongeleaka sana.

Penye kitabu ni maskini kabisa ni jangwa yenyewe. Kwake jangwa ni neno moja tu, na dunia haiko hivyo. Sahara mchanga ni kama robo yake tu, ingine ni mawe, kokoto na milima, na kule Chad kuko volkano, Emi Koussi, yenye inapita metre 3,400, karibu urefu wa Nyiragongo yetu, katikati ya ukavu. Chad hiyo hiyo kuko guelta d'Archei, bwawa mu korongo ya mawe, na mule bado kuko mamba. Mamba mu Sahara! Kule Namib wadudu wanakunywa ukungu. Kule Mali ngamia walikuwa wanabeba mabamba ya chumvi kutoka Taoudenni mpaka Timbuktu, na mi nilichukua ile chumvi nikaifanya pesa ya majini. Vyote hivi utavitafuta mwenyewe, na fishi ya mamba utaikuta mu SRD inakungojea.

Mambo ya kukitumia: hakuna picha ata moja, kurasa ziko na kolomu mbili, ku telefone ndogo utapanua na kuvuta mpaka kidole kichoke. Usiprinti yote, utajuta. Mi nilitoa kurasa za mazingira zenye chakula, maji na pumzi, fishi za majini na manyama ya jangwa, na orodha ya bei, basi. Uangalie kopi mbele ya kulipa, ju mahali fulani mu town walinitolea fishi ya ifriti nusu nyeusi nusu haionekane, na mwenye mashini akasema njo vile moto inafananaka.

Napatia nyota nne ku tano kwa mwenye anapenda kutunga mwenyewe, mbili kwa mwenye anataka jangwa tayari ya kupasha tu. Ukianza, anza ku kurasa za uchawi mbele ya zile za manyama, usome kila kitu chenye padiri na druidi wako wanaweza kufanya mpaka nivo ya 5, njo uchore ramani.