Uhakiki: Seti ya Ramani ya Mtaa kwa Watoto

Seti hii ina ramani ya mtaa iliyochapishwa kwa skeli ya 1:5,000, yaani sentimita 1 kwenye karatasi ni mita 50 ardhini, pamoja na dira ndogo na vibandiko vya alama. Nilimkabidhi binti yangu wa miaka 8, kisha nikamfuata kwa nyuma bila kumwelekeza. Mwanzoni alipotea, kwa sababu aliishika ramani kaskazini ikiwa juu ilhali yeye alikuwa akielekea kusini, hivyo kila kona ya kulia ikawa ya kushoto; alipoigeuza karatasi hadi barabara iliyochorwa ikalingana na ile iliyo mbele yake, alitembea bila kusita mpaka maktaba. (Simu ingemgeuzia ramani yenyewe, naye asingejifunza jambo hilo.) Vibandiko ndivyo vilivyonivutia zaidi, kwani mtoto huongeza alama anazozitambua mwenyewe, kama vile mti mkubwa au geti lenye mbwa mkali, ambazo wachoraji wa ramani huziacha. Dira ni dhaifu: sindano yake hukwama mara kwa mara. Ningeinunua seti hii tena, lakini dira ningeitafuta kwingine.