Yamaha YZ250 tusitroki: bado ya kiki, bado moto

Kwenye piki za motokrosi (mbio za vumbi na majampu) wengi wamehamia kwenye foostroki (injini ya mipigo minne) za injekta na stata ya kitufe ila YZ250 ni tusitroki, yaani mipigo miwili, na bado ina kabureta na kiki ya mguu, na petroli unachanganya na oili mwenyewe kwenye dumu, ukikosea kipimo shauri yako.

Injini ni cc 249, gia 5. Utamu uko pale katikati ya mzunguko wa injini, ile vavu ya ekzosi wanayoiita YPVS inabana tundu la kutolea moshi injini ikizunguka polepole ili nguvu isipotee, ukiongeza mafuta inafunguka na hapo jamani shika usukani kweli kweli. Lakini haikurushi ghafla, ukitoka kona na gia ya 3 ukagusa klachi kwa kidole kimoja tu inaamka.

Shokapu za KYB ndo zinaiuza hii piki, za mbele bomba zake zina kipenyo cha mm 48, ukitua vibaya toka kwenye jampu haikuvunji kiuno na kwenye vile vituta vinavyochimbika pale watu wanapofunga breki, tairi la nyuma halichezi hovyo. Fremu ya alumini ilianza 2005, uzito kama kilo 103 tanki likiwa limejaa so kuigeuza angani ni mchezo.

Kero sasa, ukiachia mafuta injini haikupunguzii mwendo kama foostroki, inateleza tu, breki zako ziwe fiti. Na ikizima katikati ya mbio utapiga kiki huku wenzako wanakumwagia vumbi. Anayeanza mi simshauri, achukue mdogo wake YZ125 kwanza.