Xona SND450: kifaa cha kupimia usafirishaji ndani ya aksoni

Kwenye kisahani cha kawaida cha kukuzia seli, aksoni, yaani nyuzi ndefu za seli za neva, husokotana kama nyavu. Mitokondria, vijisehemu vinavyoipa seli nishati, ikisogea, huwezi kujua kama inatoka kwenye mwili wa seli au inarudi. SND450 inaondoa utata huo. Ni kipande cha silikoni chenye vyumba viwili vilivyounganishwa na mifereji yenye urefu wa mikromita 450: miili ya seli hubaki, aksoni huvuka. Kinachoelekea ncha kimebebwa na kinesini, kinachorudi kimevutwa na daineini; hizi ni protini zinazofanya kazi kama mota. Kwa wanaochunguza ALS, ugonjwa unaoua seli za neva zinazoendesha misuli, hilo ndilo jambo lenyewe, kwani jeni ya KIF5A, iliyohusishwa na ALS mwaka 2018, inahusu safari ya kwenda, na DCTN1 ya kurudi. Toleo la mikromita 150 lisikuvutie. Dendraiti, matawi mafupi ya seli ya neva, nazo hupita.

Kazi ngumu ni kukifunga. Kioo kikishapakwa poli-D-laisini, inayosaidia seli kushika, kioshwe, kisha kikauke kabisa. Unyevu ukibaki, silikoni haishiki na kimiminika huvuja chini yake. Jaza chumba kimoja kwanza, ngoja kimiminika kipenye hadi upande wa pili, ndipo ujaze wa pili. Ukiharakisha, hewa hunaswa mferejini na hakuna aksoni itakayovuka. Mikrolita 5 hadi 10 za kimiminika chenye seli nyingi zinatosha. Aksoni za seli za gome la ubongo wa panya huvuka baada ya wiki moja hivi.

Ukitaka amiloidi, protini inayohusishwa na ugonjwa wa Alzheimer, iguse aksoni peke yake, upande wa miili ya seli uzidishiwe mikrolita 50. Mkondo mdogo unaoelekea kwenye aksoni ndio unaoizuia amiloidi kurudi.

Piga picha kila sekunde 2 kwa dakika 3, kwenye nyuzi 37. Joto likishuka, mota hupunguza mwendo na seli zenye afya huonekana gonjwa. Mitokondria nyingi kusimama ni kawaida. Aksoni zenye vifundo kama shanga ziache: zinakufa, na huwezi kujua kama usafirishaji ulikwama kabla au baada.

Kasoro mbili. Silikoni hunyonya dawa zenye asili ya mafuta, kwa hiyo seli hupata pungufu ya ulichopima; kwa hizo chukua XC450 ya plastiki, inayokuja imeshafungwa. Ya pili haina suluhisho: protini za usafiri wa polepole, kama tau, zikienda milimita 1 kwa siku, dakika 3 ni mikromita 2 tu.