GPS ya mkononi inayoyumba: uzoefu wangu na namna ya kuipima kabla hujairudisha dukani

Kifaa ninachokizungumzia ni cha kawaida: betri mbili za AA, antena iliyosokotwa kama springi, kinapokea GPS, GLONASS na Galileo, yaani mifumo ya setilaiti ya Marekani, Urusi na Ulaya. Mahali pa wazi kinanipa usahihi wa mita 3 hadi 5, na kwa kifaa cha aina hii hapo ndipo mwisho wake. Naridhika nacho. Lakini lawama kwamba "kinahama" nazisikia kila mara, na neno hilo hubeba matatizo mawili yasiyo na dawa moja. Kuna kuyumba: umetulia, alama inatangatanga. Na kuna kuhama: alama imetulia tuli, ila si pale ulipo.

Kipimo cha kuyatenganisha ni rahisi. Weka kifaa juu ya boksi au stendi, anga ikiwa wazi, mbali na kuta, magari na mabati. Kiwashe, subiri dakika 15, kisha rekodi njia kila sekunde 5 kwa nusu saa. Utapata pointi 360. Zikijikusanya kama wingu la mita chache kuzunguka mahali halisi, kifaa ni kizima. Zikijikusanya vizuri lakini pembeni, chunguza mipangilio. Zikichomoza kama miiba kuelekea upande mmoja, kuna kitu karibu kinachorudisha mawimbi.

Mawimbi yaliyogonga ukuta, mwamba au bati husafiri njia ndefu kidogo, na kifaa hudhani setilaiti iko mbali zaidi kuliko ilivyo. Hilo ndilo chanzo kikubwa cha kuyumba, na ubaya wake ni kwamba kiwango cha usahihi kwenye skrini hakilioni. Kando ya jengo refu skrini inaweza kuandika mita 4 huku kosa likiwa mita 20. Sogea. Hata hatua kumi hubadilisha mambo.

Mwili wako nao ni kizuizi, kwa kuwa maji yaliyomo mwilini hunyonya mawimbi hayo. Antena ya springi ishike wima, juu ya kifua. Ile bapa, ambayo vifaa vingi vidogo hutumia, ilaze ikitazama angani. Kuitundika mkandani ubavuni ni kuinyima nusu ya anga.

Ile dakika 15 ya kusubiri ina sababu yake. Kila setilaiti hurudia taarifa za mzunguko wake kila sekunde 30, lakini orodha ya setilaiti zote za GPS huchukua dakika 12 na nusu kupokelewa kamili. Kifaa kilichokaa miezi bila betri, au kilichosafirishwa mamia ya kilomita kikiwa kimezimwa, kinaanza upya. Ukikimbilia kuweka alama dakika ya kwanza, tena chini ya miti, umekionea.

Sasa kuhama. Anza na datumu, yaani mfumo wa marejeo ambao kwao nambari za mahali huhesabiwa: iwe WGS 84, ile inayotumiwa na GPS, isipokuwa ramani yako ya karatasi imeandika nyingine. Datumu isiyolingana husogeza kila pointi upande uleule, makumi hadi mamia ya mita. Halafu angalia namna unavyoandika nyuzi za latitudo na longitudo, ambapo dakika ni sehemu ya 60 ya nyuzi, na sekunde ni sehemu ya 60 ya dakika. Dakika 30 na sekunde 30 ni dakika 30.50, si dakika 30.30, tofauti ya latitudo hapo ni kama mita 370, na kosa hili nimelikuta mara nyingi kuliko hitilafu yoyote ya kifaa chenyewe. Tatu, zima ule mpangilio unaobandika alama barabarani. Unafaa garini, kwa mtembea kwa miguu unadanganya.

Njia iliyorekodiwa ikionyesha umejongea mita mia mbili ilhali ulikuwa umekaa unapumzika, badilisha urekodi kwa umbali, kila mita 10, badala ya muda. Zima pia hali ya kubana betri, kwa sababu hupunguza kasi ya kusasisha na pembe za njia hukatwa. Dira ikielekeza kombo, hilo si tatizo la setilaiti: isawazishe upya kila ubadilishapo betri, mbali na chuma.

Kwa pointi muhimu natumia wastani. Napima mara 4 hadi 8, nikiacha angalau dakika 90 kati ya vipimo ili setilaiti zibadili nafasi angani. Kupima mara 8 mfululizo ndani ya dakika kumi hakusaidii sana, maana makosa yanabaki yaleyale. Hata hivyo, jiwe la mpaka linalogombewa kwa sentimita usilipime kwa kifaa hiki. Kazi hiyo inataka kipokezi cha upimaji kinachopata masahihisho kutoka kituo cha marejeo.