Rafting Jinja kwa mtu anayepata riziki kwa mikono yake: nyota 4

Mi kazi yangu upasuaji, hapa Kampala, na kila nikisema wikiendi naenda Jinja kwenye rafti, yale maboti ya kujazwa upepo ya kushukia maporomoko, wenzangu wa thieta wananiuliza kama vidole nimevichoka. Sijavichoka, navipenda mno, ndo maana nachagua sana watu wa kuingia nao kwenye Nile, na hawa jamaa niliokwenda nao safari hii nawasifia kwa moyo wote.

Kilichonikosha ni maelezo kabla ya kugusa maji. Mwongozaji alianza na pete, kila mtu avue, nami hapo hapo roho ikatulia maana nshaona kidole kilichochunwa ngozi yote na pete iliyonasa, jamani sitamani hata adui yangu. Halafu kamba ya rafti, shika ila usijizungushie mkononi, ikipinduka inaondoka na vidole vyako. Na kasia, kile kishikio cha juu usikiachie hata iweje, ndicho kinachowang'oa wenzio meno. Ukidondoka lala chali, miguu itangulie, usijaribu kusimama mguu ukanasa kwenye mawe. Yote hayo alitufanyisha kwa vitendo, sio kusomewa tu harakaharaka!

Mabwawa ya Bujagali (2012) na Isimba (2019) yameshameza maporomoko mengi lakini yaliyobaki yana nguvu kwelikweli. Pale kwenye maporomoko ya Itanda sehemu mbaya kabisa hampiti, mnashuka mnatembea nchi kavu, hata kama kuna mtu anajifanya jasiri. Mimi niliomba njia ya mawimbi ya wastani kwa ajili ya mabega yangu, bega likichomoka ni miezi bila kazi na wagonjwa wananisubiri, na hawakunibeza wala kunishawishi, wakanipanga tu kwenye njia hiyo. Watu wa kayaki za uokoaji walikuwa karibu muda wote.

Nyota moja nimekata kwa sababu ya kichocho, hawakugusia kabisa, na maji yale kinapatikana. Wageni waambiwe wameze prazikwanteli wiki kadhaa baadaye, sio jioni ileile, dawa inaua minyoo iliyokomaa, michanga inaiacha.

Kwa madaktari wenzangu, nendeni Jumamosi. Kupiga kasia kunakaza misuli ya mkono mpaka kesho yake, kushona mshipa mdogo ukiwa hivyo hapana, kwahiyo Jumapili pumzika, na oparesheni ngumu mi huzisogeza Jumanne.