Test Automation University: shule ya bure ya kutesti programu, nimeitumia na wadogo zangu kazini

Mabinti wengi waliomaliza chuo na bado wanasaka ajira huwa wananiuliza, dada nikitaka kuingia QA, yaani kazi ya kukagua ubora wa programu, nianzie wapi. Siku hizi nawatuma kwenye Test Automation University ya Applitools, kampuni ya zana za kutesti, iko mtandaoni, ni bure, unajisajili tu unaanza kusoma. Ila bure ziko nyingi, kwa hiyo ngoja niseme hii nimeipendea nini.

Kwanza aliyeianzisha. Angie Jones, Mmarekani mweusi wa kutoka New Orleans, ameshika hii kazi kwa mikono yake kabla hajafungua darasa, amepita IBM, amepita LexisNexis, akaenda Twitter, ana hataza zaidi ya 20, na huko nyuma alikuwa anafundisha Java, lugha ya kuandikia programu, chuoni huku ana kazi yake ya mchana. Na hii shule hakujibebea peke yake, aliita watu ambao kutesti ndio mkate wao, mfano Bas Dijkstra wa Uholanzi ndiye anayefundisha kutesti API, yaani njia ambayo programu zinaongea zenyewe kwa zenyewe, kwa zana inayoitwa REST Assured. Ukisikiliza unajua kabisa huyu mtu ameshakesha na testi zinazofeli usiku bila sababu.

Kozi ninayoipenda kuliko zote ni ile ya msingi ya Angie mwenyewe, na ndiyo wengi wanairuka kwa sababu hakuna kuandika programu ndani yake, kila mtu anakimbilia Selenium, zana ya kuendesha kivinjari kwa kodi badala ya mkono. Wangu siwaruhusu. Ile kozi inakuuliza unaotometi kwa nini, yaani kwa nini unaiachia mashine ifanye testi yenyewe, nani atazitunza hizo testi mwakani, zipi zina faida na zipi zitakupotezea muda. Mtu mgeni akipewa apu ya kutuma pesa anataka kuotometi kila kitufe, wakati angekaa nayo mkononi kwanza, aweke kiasi sifuri, abonyeze Tuma mara mbili haraka haraka, azime data akishaweka PIN aone pesa imeishia wapi, hapo ndipo bagi, yaani kasoro, za maana zinakaa, na baadaye ndio anachagua zipi za kuachia mashine izirudie kila siku.

Halafu inakuja Selenium kwa Java, na hapa mwalimu ni huyo huyo Angie. Mazoezi yanafanyika kwenye tovuti inayoitwa The Internet, imetengenezwa makusudi kwa kujifunzia, unaingia kwa jina tomsmith na pasiwedi unapewa palepale. Kuna ukurasa wake mmoja unabonyeza Start, inazunguka sekunde kadhaa, ndipo yanatokea maneno Hello World! Ukurasa huu umewafundisha watu wangu kuliko maelezo yangu yote. Mgeni yeyote anaandika lala sekunde tano kisha angalia, na kwenye laptopu yake inapita vizuri tu, mpaka siku mtandao ukiwa mzito testi inakuwa nyekundu, yaani inafeli, na madivelopa wanaanza kusema testi za QA ni uongo. Kozi inakuonyesha jinsi ya kuiambia programu isubiri mpaka kitu chenyewe kitokee, ikiwahi iendelee, ikichelewa ivumilie hadi kikomo ulichoweka. Nimeona binti akielewa hilo na siku hiyo hiyo akarudi kurekebisha testi zake zote bila kuambiwa, nilifurahi mno.

Mambo ya kujua kabla. Masomo ni Kiingereza, ila chini ya video kuna maandishi ya alichosema mwalimu, ambayo kwa mwenye bando dogo ni msaada mkubwa. Kila sura ina maswali, ukimaliza kozi unapata cheti. Cheti ni kizuri, lakini nikiwa upande wa kuuliza kwenye intavyuu naomba kuona testi ulizoandika mwenyewe, kwa hiyo ziweke GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kuonyesha kodi zako. Pia Applitools wanauza zana yao ya kutesti muonekano, kozi za upande huo zinaitumia hiyo, ila Selenium na wenzake Cypress na Playwright, zana za kuotometi kivinjari, ni za bure kwa kila mtu.

Kitu ambacho video haitakufanyia ni kukaa na wewe uandike ripoti ya bagi inayoeleweka. Mtu anaandika "kutuma pesa kumegoma" basi. Namrudishia, namwambia andika hivi, nimeweka 5,000, nimebonyeza Tuma mara mbili mtandao ukiwa mdogo, simu Android 12, salio limekatwa mara mbili, lilitakiwa kukatwa mara moja, na picha hii hapa. Divelopa akisoma hiyo anaanza kazi muda huo huo, hakuulizi kitu. Hapo ndipo unahitaji dada au kaka aliyekutangulia, na sisi tuliotangulia tuache kusema tuko bize, nusu saa kwa wiki inatosha kusoma ripoti za mtu mmoja.

Kwa nyota naipa nne kati ya tano. Kama hujawahi kuandika programu kabisa fuata mpangilio huu: kozi ya msingi, halafu Java Programming humo humo, ndipo Selenium kwa Java, API baadaye. Na wakati wote huo chagua apu moja unayoitumia kila siku kwenye simu yako, uitesti kwa mkono na uandike ripoti za kila unachokiona.